Samaki wa Saluni

Wa kwanza kufa alikuwa yule mwekundu. Msusi alimkuta asubuhi amelala ubavu juu ya maji, jicho moja likitazama dari kama mteja anayesubiri kuoshwa kichwa. Akamtoa kwa kijiko, akamkunja kwenye karatasi, akamtupa kabla mlango wa saluni haujafunguliwa. Siku chache baadaye akafuata yule mwenye mkia mrefu kama shela. Huyo hakuweza kumficha, kwa sababu Redio alikuwa ameshaketi kitini.

Redio alikuwa mteja wa siku nyingi. Jina hilo alipewa kwa kuwa habari iliyoingia sikioni mwake asubuhi, kufika adhuhuri ilikuwa imeshazunguka mtaa mzima na kurudi imenenepa.

"Dada, huyo amelala au ameondoka?"

"Amechoka tu."

"Amechoka tumbo juu? Basi hata marehemu mjomba wangu alichoka."

Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Msusi naye akacheka, huku akitafuta kijiko. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, na tangu ifunguliwe ile nyingine pale kwenye kona, yenye kiyoyozi na televisheni ukutani, wateja wake walikuwa wakipukutika kama nywele zilizoungua na dawa. Tangi la samaki ndilo lilikuwa jibu lake. "Televisheni kila mtu anayo kwake," alimwambia mumewe. "Samaki nani anao?" Akaacha kununua drai mpya, akanunua tangi la kioo, changarawe, taa, pampu ya hewa na samaki. Na kweli watu walikuja. Walikuja na watoto wao, wakakaa, wakatazama, na waliokaa wakaishia kusukwa.

Sasa walikuja kuona nani kafa.

*

Muuza samaki alikuwa na kibanda kilichojaa vioo na unyevu. Alimsikiliza Msusi huku akimenya karanga.

"Maji ni ya bomba?"

"Ya bomba, ila yanalala kwanza kwenye ndoo kama ulivyoniagiza."

"Chakula?"

"Kidogo. Kinachobanwa na vidole viwili."

"Isije ikawa mnaosha tangi kwa sabuni."

"Mimi si mwendawazimu, baba."

"Kabla ya kufa wanafanyaje?"

Msusi akafikiri. "Wanapanda juu. Wanapumua kwa mdomo, pwa, pwa, kama mtu aliyekimbizwa."

Muuza samaki akapuliza maganda kiganjani. "Basi kuna kitu kinaingia kwenye hayo maji. Samaki hafi bure."

"Kitu gani?"

"Mama, mimi sikai kwenu."

Msusi alirudi kwa miguu, mfuko wa samaki wapya ukining'inia mkononi. Kuna kitu kinaingia. Alilirudia neno hilo alipopita kwa mshona viatu, akalirudia alipovuka barabara, na alipofika kwenye mlango wa nyumba yake hakuwa akijiuliza tena ni kitu gani. Alikuwa akijiuliza ni nani.

Alianza na mumewe, kwa kuwa mume ndiye mshukiwa wa karibu katika nyumba yoyote. Mume alikuwa mpaka rangi. Alirudi jioni na madoa hadi kwenye nyusi.

"Brashi zako unaosha wapi?"

"Nje, bombani. Kwani vipi?"

"Kwa ndoo ipi?"

"Ndoo yangu. Ile yenye ufa." Akamtazama mkewe. "Mke wangu, nimepaka nyumba za watu miaka yote hii, hata kuku wa mtu hajafa."

"Sijasema umeua. Nimeuliza ndoo."

Hata hivyo alimpiga marufuku kuingia saluni na nguo za kazi. Mume akawa anazungukia mlango wa nyuma, anavua nguo uani, anakula amesimama jikoni kama mpangaji asiyelipa. Hakulalamika. Na samaki waliendelea kufa.

*

Aliyebaki ni wifi.

Wifi alikuwa dada mkubwa wa mume. Alikuja na sanduku moja la bati baada ya mumewe kuoa mwingine na kubadilisha kitasa, akasema atakaa wiki mbili tu ajipange. Wiki hizo zilikuwa zimeshazaa na kujukuu. Alilala stoo, chumba kidogo kisicho na dirisha ambacho zamani Msusi aliwekea mizigo yake. Asubuhi aliamka kabla ya wote, akafagia saluni, akafungua madirisha hata kama kuna baridi, akatoa taulo safi kwenye kabati lililobeba tangi. Kila alipofungua kabati hilo alipiga chafya, moja, mbili, mpaka machozi yakamtoka.

"Wifi, hizi dawa zako za nywele zitatumaliza."

"Mimi mbona sijaisha?" Msusi alimjibu. Moyoni alisema, pua ya kifalme, na analala stoo.

Kulikuwa na mengine. Jioni moja wakipakua chakula, wifi alisema, "Hawa samaki wamebarikiwa, wanakula kabla yangu." Alisema akicheka, na mume alicheka. Msusi alilimeza neno hilo, likamkaa kooni kama mwiba.

Kisha Redio akaleta la kwake. Alikuja mapema siku hiyo, akachungulia dirishani kabla ya kubisha hodi. Alipoketi kitini alisubiri wifi atoke kwenda kutupa taka, ndipo akainama.

"Dada, wifi yako anaongea na nani asubuhi?"

"Anaongea?"

"Amesimama mbele ya tangi, midomo inacheza. Peke yake. Mimi sisemi kitu."

"Labda anaimba."

"Labda. Mimi sisemi kitu. Ila wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako." Akajitazama kwenye kioo. "Hapa pembeni usinibane sana."

Tangu hapo Msusi akawa na macho mgongoni. Wifi akishika ndoo, anamwona. Wifi akipitisha kitambaa kwenye kioo cha tangi, anamwona. Akambadilishia kazi, akamwambia asiguse tena chakula cha samaki wala maji yao. Wifi akamtazama kidogo, akasema, "Sawa, wifi," akaenda kufua. Kesho yake akafa samaki mwingine, na Msusi badala ya kujiuliza amekufaje ilhali wifi hakugusa kitu, alijiuliza amemgusa saa ngapi.

*

Siku aliyofungua sanduku, alijiambia anatafuta mkasi wake. Wifi alikuwa uani akianika taulo. Msusi alipiga magoti stoo, akainua kifuniko. Kanga mbili, gauni la kutokea, picha ya watoto ambao sasa walikuwa wakubwa na hawakupiga simu, na chini kabisa, kipakiti cha nailoni kimefungwa fundo. Ndani yake, unga mweupe.

Alirudi nacho saluni kama askari aliyeokota kisu. Redio alikuwa chini ya drai, na pembeni alikaa mama mmoja muuza nguo anayesubiri zamu.

"Wifi! Hebu njoo."

Wifi akaingia, mikono inachuruzika maji. Akakiona kipakiti. Hakushtuka, alichoka tu usoni, kama mtu aliyeitwa na karani baada ya kupanga foleni siku nzima akaambiwa dirisha limefungwa.

"Umefungua sanduku langu."

"Hiki ni nini?"

"Wifi, umefungua sanduku langu?"

"Nimekuuliza hiki ni nini. Samaki wanakufa ndani ya nyumba yangu, nina haki ya kuuliza."

Redio alikuwa ameinua kofia ya drai asikose neno. Wifi alikichukua kipakiti, akafungua fundo polepole, akachovya kidole, akakilamba mbele yao wote.

"Chumvi," alisema. "Nasukutulia. Jino linaniuma tangu mwezi uliopita. Sikutaka kuwaombeni hela ya daktari." Akaifungua midomo kwa kidole, akawaonyesha fizi iliyovimba nyuma. Aliionyesha kwa Msusi, kisha kwa mama muuza nguo, kisha kwa Redio, mmoja mmoja, kama anayekaguliwa mpakani. "Mmeona? Kuna mwingine anataka kuona?"

Mama muuza nguo alitazama viatu vyake.

Ingeweza kuishia hapo. Lakini wifi alipotoka, Redio alishusha kofia ya drai nusu na kusema, taratibu, kama mtu anayejisemea, "Ila chumvi na samaki wa maji matamu... haya." Na asubuhi iliyofuata samaki wawili walielea.

Wifi aliwaona kabla ya Msusi. Alipoamka Msusi alikuta saluni imefagiwa, madirisha wazi, samaki wametolewa na kuwekwa kwenye sahani, na sanduku la bati limesimama mlangoni.

"Naondoka kabla hujaanza kuhesabu vijiko," wifi alisema.

"Sijakufukuza, wifi."

"Hujanifukuza. Umeniangalia tu." Akajifunga kanga kichwani. "Na kama ulitaka kujua naongea nao nini, nilikuwa nawaamkia. Ndani ya nyumba hii ndio walionitazama bila kuniuliza nitaondoka lini."

Mume alibeba sanduku begani hadi kituoni. Aliporudi alivaa nguo zake za madoa, akapita katikati ya saluni nazo kwa makusudi, akaenda kazini.

*

Baada ya hapo samaki wakaacha kufa.

Msusi alinunua wengine, wa rangi ya chungwa na wawili wenye mistari, akawatia kwa hofu. Siku zikapita. Wakala, wakacheza, wakafukuzana kwenye changarawe. Wiki ikaisha, ikaanza nyingine, na hakuna aliyepanda juu kutafuta pumzi. Watoto wakarudi kubandika pua kwenye kioo.

"Ushahidi gani tena unautaka?" Redio alitangaza, na alitangaza kwa kila aliyeingia. "Kaondoka mtu, kimeondoka kifo. Lisemwalo lipo." Yule mama muuza nguo, aliyekuwa ametazama viatu, sasa naye alitikisa kichwa na kusema kumbe. Habari ilivuka barabara, ikaingia hata kwenye ile saluni ya kona. Huko ilipofika ilikuwa imeshaota pembe. Wifi si wa chumvi tena, alikuwa na kichupa cha kitu kisichotajwa.

Msusi hakuiongeza habari hiyo, lakini hakuikata. Alisuka, akaitikia "mmh". Usiku alilala vizuri. Kama kulikuwa na uchungu, ulikuwa wa sahani ya mumewe, aliyekula sasa kwa heshima kupita kiasi, akishukuru kwa kila kitu kama mgeni.

Jambo lenyewe lilianza kwa chafya.

Mume aliingia stoo kutafuta turubai lake la kazi. Tangu wifi aondoke, chumba kile kilikuwa kimerudi kuwa cha mizigo: Msusi alikuwa ameyahamishia huko makopo na chupa zake zote, rangi za nywele na dawa za kunyoosha, ili kabati la saluni libaki na taulo peke yake na lipumue. Mlango ulikuwa umefungwa tangu jana yake. Mume alipoufungua alipiga chafya, moja, mbili, akatoka nje macho yamejaa maji.

"Mama yangu! Humu umefuga nini? Inachoma kuliko tina ya kuchanganyia rangi."

"Ni dawa tu. Hujazoea."

"Zamani zilikuwa wapi?"

"Kabatini," alisema Msusi, akaendelea kukunja taulo. Kisha mikono ikasimama.

Alikwenda saluni. Alichuchumaa mbele ya kabati, akafungua mlango. Taulo, na pembeni yake pampu ya hewa. Ni yeye mwenyewe aliyeiweka humo, wiki ile ile tangi lilipofika, kwa sababu nje ilinguruma kama nyuki kwenye kopo na mteja mmoja alisema inamuumiza kichwa. Alikuwa ameisogeza kati ya chupa, akapitisha mrija kwenye tundu, akafunga, akafurahia ukimya. Sasa aliweka kidole nyuma yake, penye vitundu vidogo. Kidole kilisikia baridi ya hewa ikivutwa. Ilikuwa ikivuta kilichomo kabatini, ikipandisha, ikipuliza ndani ya maji, mchana na usiku, mapovu mazuri yaliyowafurahisha watoto.

Alibaki amechuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi. Pua yake, iliyokaa na dawa zile miaka mingi, haikumwambia kitu. Pua iliyokuwa ikisema aliifukuza.

Bado hakutaka kuamini, au alitaka kuwa na hakika kabla ya kuumia. Asubuhi alileta kopo moja la rangi kutoka stoo, akalegeza kifuniko, akaliweka karibu na pampu, akafunga kabati. Akaanza kumsuka mteja. Hakuwa amefika katikati ya kichwa samaki wa chungwa alipopanda juu. Mdomo wazi. Pwa, pwa. Wakamfuata wenye mistari.

"Dada, mbona umeniacha?" mteja aliuliza.

Msusi alikuwa ameshalitoa kopo, anapepea kabati kwa taulo.

*

Siku kadhaa hakusema. Hesabu ya kunyamaza ilikuwa rahisi: samaki wazima, wateja wapo, wifi ameshaondoka, na aliyeondoka akisingiziwa hasikii. Lakini kila Redio alipofungua mdomo, Msusi aliona kidole kile kikivuta fizi pembeni. Mwishoni alimwambia mumewe, jikoni, akiwa amempa mgongo.

Mume alisikiliza hadi mwisho. Akanawa mikono kwa muda mrefu, ingawa haikuwa na rangi.

"Nenda umwambie."

"Twende wote."

"Hapana. Mimi nilibeba sanduku. Hilo lilikuwa fungu langu."

Msusi alimkuta wifi kwenye hosteli alikopata kazi na pa kulala, akiosha vyombo jikoni, nyuma, penye sinki refu la saruji. Alimwona Msusi mlangoni, hakuacha kusugua sufuria. Msusi alisema yote kwa kusimama, maana hakukaribishwa kiti: pampu, kabati, kopo, samaki juu. Alisema, "Ni mimi, wifi. Nilikuwa nawaua mwenyewe."

"Kwa hiyo zile chafya zangu hazikuwa maringo."

"Hazikuwa."

Wifi aliigeuza sufuria, akaanza upande wa pili. "Umekuja kunirudisha?"

"Nimekuja kukuomba msamaha. Na kukurudisha, ukitaka."

"Stoo sirudi. Hapa nina kitanda na nina mshahara, mdogo lakini hauniulizi kitu." Akasuuza sufuria. "Ila juzi nilikutana na yule mama muuza nguo njiani. Unajua alifanya nini? Alimvuta mtoto wake upande wa pili." Sufuria ilitua. "Msamaha wa jikoni mimi wa kazi gani? Hapa hakuna anayesikia isipokuwa mafuta na majivu. Ulinivua nguo mbele ya wateja, wifi. Nivishe mbele ya wateja."

*

Walichagua Jumamosi, benchi lilipojaa. Wifi aliingia kwa mlango wa mbele, amevaa gauni la kutokea. Mazungumzo yalikatika kama uzi. Mama muuza nguo alivuta mkoba wake mapajani.

"Karibu, wifi," Msusi alisema kwa sauti. Kisha akaiweka mikono yake tumboni, akawaambia. Hakuwa msemaji. Alianza mwisho, akarudi mwanzo, akasahau neno pampu akaiita kile kidude. Lakini alisema: huyu hakutia kitu kwenye maji, aliyetia ni mimi, na sanduku lake nililifungua kama mwizi.

Redio, aliyekuwa kwenye kiti cha kuoshea, ndiye aliyetangulia kusema, kwa upole kabisa.

"Dada, una huruma sana. Damu ya mumeo, tunaelewa." Akawageukia wengine. "Lakini kusema ukweli, si alipoondoka ndipo walipopona?"

Vichwa viwili vitatu vilitikisika. Msusi alihisi joto likimpanda shingoni. Aliingia stoo, akatoka na lile kopo, akalifungua mbele yao, akaliweka kabatini karibu na pampu, akafunga.

"Wifi amekaa hapo mlangoni, mbali na tangi. Mikono yake mnaiona. Kaeni mtazame."

Wakatazama. Hakuna aliyesuka, hakuna aliyesukwa. Drai ilipuliza kichwa kisichokuwepo. Mtoto mmoja alianza kuuliza, akafinywa. Mapovu yalipanda kama kawaida. Ilichukua muda, hata Redio akaanza kutabasamu pembeni mwa mdomo. Ndipo wa chungwa akapanda. Kisha mwenye mistari. Mdomo juu ya maji, matamvua yakipigapiga mekundu.

"Mungu wangu," alisema mama muuza nguo.

"Ngojeni," Msusi alisema. "Ngojeni mwone mpaka mwisho. Nisije nikaambiwa tena nina huruma."

Samaki wa chungwa alilala ubavu, akajiinua, akalala tena. Wifi akanyanyuka mlangoni. Alipita katikati yao bila haraka, akafungua kabati, akapiga chafya, akalitoa kopo na kulitupa uani. Akachomoa pampu, akaibeba na mrija wake hadi kwenye ukingo wa dirisha, akafungua dirisha wazi, akaiwasha tena hapo. Ikaanza kunguruma kama nyuki.

"Inatosha," alisema. "Asife mwingine kwa ajili ya jina langu."

Kisha akamgeukia Redio, aliyekuwa bado kwenye kiti cha kuoshea. "Mama, nipishe. Leo mimi ni mteja."

Redio akaondoka kitini. Wifi akakaa, akalaza kichwa nyuma kwenye sinki, akafumba macho. Msusi alifungua maji, akayapima kwa kiwiko, akaanza kuosha. Nyuma yake benchi lilianza kunong'ona, na hakujua kama wananong'ona yale yale au mapya. Pampu ilinguruma. Samaki wa chungwa alikuwa amerudi katikati ya maji, anayumba.

Vidole vya Msusi vilishuka nyuma ya sikio, vikagusa taya. Uvimbe haukuwepo. Akainama ili asisikike na mwingine.

"Jino?"

"Nililing'oa."

"Nani alilipa?"

Wifi alifumbua jicho moja. "Nililipa mwenyewe," alisema, akalifumba. "Sugua hapo nyuma, wifi. Usiogope."